Fundi Aliyekataa Kupanda Juu ya Basi Langu

Fundi wetu wa antena alikuwa anaogopa ngazi. Simsengenyi, mwenyewe alikuwa anasema kila akiishika. Alisimama kwanza chini yake, akaitikisa mara mbili, akavua kofia akampa mtu amshikie, kisha akapanda uso umeelekea ukutani na midomo inacheza. Kwa miaka mingi nilidhani anahesabu vidato. Siku moja nilipewa kazi ya kushika ngazi kwa chini, ndipo nikasikia kwamba ni Salamu Maria, anaisoma na kuirudia mpaka mguu uguse bati. Akishafika juu, woga wote unakwisha. Alitembea kwenye mabati ya mtaa wetu wa Remera kama yuko sebuleni kwake, akiwasalimu majirani wa ng'ambo na kuwaambia, bila kuulizwa, ni mjinga gani aliyewafungia antena yao.

Nilimwuliza mtu anayeogopa ngazi anachaguaje kazi ya juu ya nyumba. Akasema alipokuwa kijana kule Bujumbura kulikuwa na kazi mbili tu za kujifunza, kuchimba visima na kufunga antena, na shimo alikuwa analiogopa zaidi.

Hayo ndiyo ninayoyajua kuhusu mwanzo wake. Alikulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa cha kule, na mke wangu pia alikulia huko. Siku ya kwanza alipokuja kwetu, tukiwa bado wapya katika ndoa, walimaliza saa nzima wakiulizana habari za watu wa mitaa yao, na mimi nikabaki nimeshika kopo la misumari. Tangu hapo mke wangu akamwita kaka. Yeye alimwita mke wangu mama, hata kabla hatujapata mtoto, na baadaye Mama Zuhura. Mimi aliniita Mwarimu, kwa sababu nilifundisha jografia sekondari miaka thelathini. Hiyo jografia naomba uikumbuke, maana huko mbele itanivua nguo.

Alikuwa na masharti yake. Hakufanya kazi siku aliyoahidi. Akisema Jumanne, unamwona Alhamisi, na anakushangaa wewe kwa kumngoja Jumanne. Kwake hakukuwa na televisheni, alikuwa na redio ndogo, na ukimwuliza sababu anasema mpishi hali akiwa kazini. Aliwasema mafundi wengine wote mjini, lakini akikuta kazi ya mwenzake imelegea aliikaza kimyakimya na hakuitoza. Chai aliinywa ya moto sana, Fanta aliinywa ya moto pia.

Sharti kubwa lilikuwa hili: hakukubali kufunga antena kwenye nyumba yenye mtu mmoja. Wateja waliomwita mchana, wenzao wakiwa kazini, aliwaaga akarudi zake. Alitaka watu watatu, yeye juu, mmoja dirishani, mmoja mbele ya televisheni. Huyo wa televisheni alimtafuta mwenyewe. Aliingia, akaketi, akauliza, "Nani hapa anashika rimoti?" Watu wanacheka, baba mwenye nyumba anasema ni mimi, na fundi anamtazama mama.

Kwetu nilisema ni mimi. Rimoti akampa mke wangu. Mimi nikapewa dirisha, na kazi ya dirisha ni kupokea maneno ya ndani na kuyapeleka juu bila kuongeza kitu. Ikanishinda. Mke wangu alisema bado, mimi nikapaza sauti kwamba bado, na kwamba kwa maoni yangu angegeuza kaskazini-mashariki. Juu ya bati akaacha kugeuza. Kisha akauliza, "Mwarimu, hiyo ni mama amesema, ao ni weye?" Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikajifanya kukohoa.

Mbaya zaidi, nilitoa dira. Nilimwonyesha kwenye ramani mlima wenye mnara wa kurushia matangazo, nikamwambia antena yake imeupa mnara mgongo. Akakubali kwamba ni kweli. Akanieleza, kwa upole ambao nilikuja kuutambua baadaye, kwamba nyumba yetu iko kwenye bonde, mnara hauonekani, lakini mawimbi yanagonga mlima wa mbele na kurudi, kwa hiyo ameielekeza kwenye ule mlima wa mbele. Nilimwambia kwamba kisayansi haiwezekani. Ndani, mke wangu alikuwa tayari anatazama taarifa ya habari, picha safi kabisa.

Kulikuwa pia na lile tundu. Dishi lolote alilolifunga, hata jipya kutoka kwenye boksi, alilitoboa tundu dogo upande wa chini. Nimewaona wateja wakishika kichwa wakisikia drili inaingia kwenye bati la dishi lao. Yeye anaendelea, anapuliza vumbi, anatia rangi kidogo isishike kutu. Nilidhani ni alama yake, kama fundi cherehani anavyoshona jina lake kwenye kola. Sikumwuliza. Mtu mwenye dira hana haja ya kuuliza.

Basi nilipostaafu nikanunua basi. Sio la biashara, la kulala. Nilikuwa nimetazama video za wazee wa Ulaya wanaozunguka na nyumba zao za magurudumu, wanaegesha kando ya ziwa, wanakunywa kahawa wamevaa kaptura. Nikasema kama ni uzee, na mimi ni mzee, na maziwa tunayo. Nikapata Coaster kuukuu iliyokuwa inabeba wanafunzi, nikang'oa viti, nikatia kitanda, kabati, sinki, jiko la gesi na televisheni ukutani. Kazi ya miezi. Nilikuwa nalala humo mchana ili kujaribu godoro, na majirani wakawa wanamwuliza mke wangu kama tumegombana.

Hawakukosea. Basi lile lilitoka kwenye pesa za kuuza kiwanja chetu cha Kagugu, na hapa inanibidi niseme jambo ambalo kwa muda mrefu nilikuwa nalisema kwa kulizungukazunguka. Kile kiwanja tulikinunua wote wawili ili siku moja tujenge. Tulipochelewa kujenga, mke wangu alikilima maharage kila msimu. Alikijua kila kona. Mimi nilikwenda huko labda mara tano, kupiga picha. Mnunuzi alipopatikana, sheria ilitaka mke naye atie sahihi. Nilimwambia lini? Asubuhi ileile, mlangoni mwa ofisi, mnunuzi amesimama pembeni, karani ndani ametukodolea macho. Nilimwambia ni sahihi tu, tutaongea baadaye. Akanitazama, akaingia, akatia sahihi. Hatukuongea baadaye. Maharage yalikuwa yametoa maua, na mnunuzi alizungushia uzio wiki ileile.

Mke wangu hakupiga kelele. Aliendelea kupika, kusali, kunisalimia. Ila basi aliliita "hiyo gari yako" na hakutia mguu ndani, hata kuchungulia. Nilimwomba twende kwa dada yake anayekaa Rusizi, tulale njiani kando ya ziwa. Nilimwomba mara nyingi mpaka nikachosha. Mwisho akasema siku atakapoona taarifa ya habari na tamthilia yake ndani ya hiyo gari yangu, siku hiyo atapanda.

Mtu yeyote mwenye masikio angejua kwamba mwanamke huyo amesema hapana. Mimi nilisikia kwamba kinachokosekana ni antena.

Nikamwita fundi. Alikuja siku ambayo hakuahidi. Alilizunguka basi, akagonga paa kwa kiganja, akasifia sinki, akakaa kitandani na kunieleza machaguo niliyokuwa nayo. Kuna antena ya duara, akasema, unaifunga juu ya gari mara moja, haigeuzwi, inapokea pande zote, lakini kwenye milima yetu inaokota kidogo huku kidogo kule na picha inakatikakatika. Kuna ya mifupa, ile ndefu yenye vijiti pembeni, inashika vizuri hata bondeni, ila kila unapoegesha inabidi uigeuze upya mpaka upate upande. Kwa basi hili alisema ni ya mifupa, kwenye mlingoti unaokunjwa. Nikamwambia sawa, apande.

Akauliza, "Mama iko wapi?"

Nikasema yuko ndani ya nyumba. Akauliza ni nani basi atakayeshika rimoti kwenye hili gari. Nikasema ni mimi, gari ni langu, safari nimepanga mimi. Akaokota kofia yake. "Nitarudi siku mama atakuwa humu," akasema, akaingia nyumbani kwangu akanywa chai na mke wangu, vikombe viwili.

Nilidhani anatania. Akarudi baada ya wiki, akauliza swali lilelile, akaenda zake. Akarudi tena. Alikuwa anafika kwangu mara nyingi kuliko alivyofika miaka yote, anasimama mlangoni mwa basi, anachungulia, haoni anayemtafuta, anaelekea jikoni kwenye chai. Hakunihubiria hata mara moja. Laiti angenihubiria, ningepata cha kubishana nacho. Alipokuja mara ya nne nikapandwa na hasira, nikamwambia getini kwangu, majirani wakisikia, kwamba yeye ni fundi wa zamani, kwamba dunia imekwenda, kwamba siku hizi kuna vyombo vinavyojitafutia vyenyewe na havina haja ya wazee wa kupiga kelele kutoka kwenye bati.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema, "Bon," yaani haya. Akamgeukia mke wangu, aliyekuwa ameshika kofia yake, akaipokea kwa mikono miwili akaondoka.

Mke wangu akaingia jikoni. Chakula cha jioni kilikuwa kizuri sana, na hilo ndilo lililonitisha.

Lakini mimi nilikuwa na jambo langu. Niliagiza kutoka Ulaya, kwa mkono wa shemeji yangu anayeishi huko, dishi la kisasa lililofungiwa ndani ya kifuniko cheupe kama sufuria la harusi limepinduliwa. Limetengenezwa kwa ajili ya magari ya kulala. Unabonyeza kitufe, linazunguka lenyewe, linapata setilaiti, unakunywa kahawa yako. Nililibandika mwenyewe juu ya paa kwa gundi ambayo maelezo yalisema haibanduki. Nikabonyeza. Likazunguka. Likanguruma, likasimama, likazunguka tena. Nikalipa muda. Nikahamisha basi mbele ya geti, nikahamisha nyuma ya geti, nikalipeleka karibu na uwanja wa mpira kwenye uwazi, watu wakasimama kulitazama. Siku tatu lilizunguka bila kuona chochote.

Siku ya nne nikasoma kitabu cha maelezo, kile nilichokitupa kwenye kabati kwa sababu mimi sio mtu wa kusomeshwa. Kiliandika kwamba dishi huinuka mpaka kiwango fulani tu. Kule Ulaya setilaiti iko chini chini, upande wa kusini, chombo kinaitazama kama unavyomtazama mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara. Sisi tuko karibu na ikweta. Kwetu setilaiti iko utosini. Dishi langu la kisasa lilikuwa haliwezi kutazama juu.

Miaka thelathini nilichora mstari wa ikweta ubaoni. Niliwakata watoto wa watu alama kwa kutojua maana yake. Nikakaa kwenye ngazi ya basi nikakumbuka lile tundu. Madishi yote ya mji huu yamelala chali, yanatazama mbinguni, na mvua ikinyesha yanajaa maji kama beseni. Ndiyo maana fundi alikuwa anatoboa. Alijua jografia yangu kuliko mimi, na aliijua kwa drili.

Nilitaka kumpigia siku ileile. Nilishika simu, nikaiweka, nikaenda kuosha basi. Kesho yake vilevile. Aibu ina tabia ya kukua kila siku unapoilaza, na mimi niliilaza miezi. Nilipopiga, simu haikupatikana. Basi likabaki uani na lile sufuria juu yake. Kujaribu kulibandua nilijaribu. Gundi ilisema kweli.

Habari zake mke wangu alizipata sokoni kwa mwanamke mmoja wa Buyenzi. Fundi alikuwa ameanguka. Sio kwenye ngazi. Aliteleza kwenye vidato vitatu vya kanisa, akavunjika nyonga, na sasa anakaa kwa binti yake Masoro, huko karibu na viwanda. Nilisema nitachukua pikipiki niende kumwona. Mke wangu akatoka jikoni ameshika sufuria la pilau limefungwa kwa kitenge, na chupa ya chai kwapani. Akaniuliza hilo sufuria atalibebaje kwenye pikipiki. Akasema niwashe hiyo gari.

Nikawasha. Akapanda kwa mlango wa nyuma, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, sufuria katikati ya miguu. Hakutazama kabati wala sinki. Niliendesha mpaka Masoro taratibu kiasi kwamba tulipitwa na baiskeli.

Alikuwa ameketi uani kwa binti yake, magongo mawili yameegemea ukuta. Amepungua. Kofia ilikuwa kubwa kwake. Alimwona mke wangu akishuka kutoka kwenye basi, na uso wake wote ukabadilika.

"Sasa tuko watu watatu," akasema.

Nilikuwa nimetunga hotuba njiani. Nikasema tu, "Fundi, nilikutukana."

"Ndiyo," akasema. Kisha akamwagiza binti yake alete kile kitu cha nyuma ya mlango. Binti akaja na gunia refu. Ndani kulikuwa na antena ya mifupa, mpya, na mlingoti wa kukunja uliokatwa kwa kipimo cha paa langu, bawaba zimetiwa grisi. Alikuwa ameutengeneza baada ya kuliona basi mara ya kwanza, ukawa unangoja nyuma ya mlango muda wote nilipokuwa namwita mzee wa zamani.

Nilimwuliza kwa nini hakuifunga siku ile, ningemaliza matatizo yangu yote.

"Hii ya mifupa inataka watu wawili, Mwarimu," akasema. "Moja anageuza, moja anaangaria. Kama mama haiko ndani, nani atakuambia imekuja?"

Hilo tu. Nilikuwa nimemdhania ukaidi, ushirikina, kujipendekeza kwa mke wangu, na kumbe alikuwa ananiambia namna chombo kinavyotumika.

Kupanda alikuwa hawezi tena, kwa hiyo nilipanda mimi. Tulimwingiza kwanza ndani ya basi, binti yake akimshika huku na mimi huku, tukamkalisha kitandani mbele ya televisheni. Mke wangu akashika rimoti bila kuambiwa. Nikashika ngazi, nikaitikisa mara mbili, na ninakiri kwamba midomo yangu nayo ilikuwa inacheza, nikimwomba Mola kwa njia yangu. Fundi akanielekeza kupitia kidirisha cha paa, boliti gani ianze, waya upite wapi. Antena ikasimama kando ya lile sufuria jeupe. Nikaanza kugeuza.

"Bado," mke wangu akasema kutoka chini.

Nikageuza. "Bado." Nikageuza tena. "Bado." Sikuwa namwona uso, naye hakuniona wangu, kulikuwa na kile kidirisha tu katikati yetu. Nikajua kwamba nisiposema sasa, sitasema tena maisha yangu yote.

"Mama Zuhura."

"Bado."

"Sisemi antena. Nasema siku ile ya kiwanja. Nilikwambia mlangoni mwa ofisi kwa sababu nilijua nikikuuliza nyumbani utakataa. Nilikutega mbele za watu. Kile kiwanja kilikuwa chako kuliko changu, na maharage yalikuwa na maua. Nilikukosea. Nisamehe."

Nilisikia magari barabarani, na king'ora cha kiwanda kikilia kwa ajili ya watu wa zamu kutoka. Nilishika ule mlingoti kwa mikono yote miwili. Nikawaza kwamba ameshuka, kwamba ameshika njia na sufuria lake, na kwamba nimestahili.

"Nimekusikia," akasema.

Kisha akarudi kwenye picha.

"Sogeza kushoto kidogo."

Nikasogeza kushoto kidogo. Machozi yakawa yananitoka, na sikuweza kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

"Hapo," akasema. "Usiguse." Kisha nikasikia chini ya miguu yangu kitu ambacho sikuwahi kukisikia ndani ya basi lile. Alikuwa anawasha jiko la gesi, anamwuliza kaka yake chai aitie sukari ngapi, na anauliza, kwa sauti ya kufika juu, kama kutoka hapa mpaka kwa dada yake Rusizi tutalala njiani mara moja au mara mbili.

Wafanyakazi wa viwandani walikuwa wanapita kundi kwa kundi, wakanitazama, mzee amekumbatia antena juu ya basi analia. Mmoja akasimama akauliza kama nataka msaada wa kushuka. Nikamwambia hapana, asante, picha imekuja.